Kivuli ni Sehemu ya Chakula: Maneno kwa Wanaotuma Fedha za Ng'ombe Nyumbani

Katika kila mkusanyiko wetu hapa ugenini, iwe arusini, iwe matangani, iwe katika futari ya mwezi wa Ramadhani, mazungumzo hayakawii kurudi nyumbani. Mmoja anajenga, mwingine ananunua shamba, na wa tatu amemtumia mama yake fedha za ng'ombe wa maziwa. Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kuzungumza naye mwezi huu. Nia yake ni njema na hesabu yake ni nzuri: ng'ombe mmoja wa kisasa, lita kadhaa kwa siku, maziwa mengine ya wajukuu na mengine ya kuuza, na mzee aliye nyumbani hatalazimika kungojea simu ya mwisho wa mwezi.

Hesabu hiyo nami niliipiga. Niliandika bei ya mtamba, banda, pumba, mashudu, dawa ya kupe na mshahara wa mchungaji. Kitu kimoja sikukitia, kwa kuwa hakiuzwi dukani wala hakina risiti. Kitu hicho ni kivuli. Naomba kwanza niwasimulie yaliyonipata, kisha tuingie katika elimu yenyewe, ili yeyote anayejiandaa kufanya kama nilivyofanya apate kusita kabla shoka halijainuliwa.

Amri iliyotoka mbali

Mwaka 2020 nilimtumia dada yangu, aishiye Muheza katika Mkoa wa Tanga, fedha za kulitayarisha shamba letu la urithi kwa ajili ya ng'ombe. Shamba lile la ekari tatu lilikuwa na mikorosho minane mikuukuu na mwembe mmoja uliopandwa na marehemu babu yetu. Nilipoletewa picha nikaona miti inakula nafasi ya majani. Nikaagiza ikatwe yote, ardhi isafishwe, na nyasi zipandwe kutoka mpaka hadi mpaka. Dada alinijibu kwa adabu kwamba majirani wanasema ng'ombe watahitaji pa kujisitiri na jua. Nikamwambia kwamba ng'ombe hali kivuli, hula majani. Miti ikakatwa, mkaa ukachomwa, na mapema mwaka 2021 wakanunuliwa mitamba wawili wenye mimba, chotara wa Friesian, weusi wenye mabaka meupe, wazuri wa kutazamwa.

Walizaa mwezi wa Novemba. Katika wiki za mwanzo kila mmoja alifikia lita kumi na moja kwa siku, nasi tukafurahi. Ikaja Januari na jua la kaskazi. Daftari la maziwa, ambalo dada huliandika kila asubuhi na jioni, likaanza kuonyesha tisa, kisha nane, kisha sita, katika miezi ambayo ng'ombe aliyezaa karibuni hutazamiwa kuwa katika kilele chake. Bwana mifugo aliitwa, hakuona ugonjwa. Uhimilishaji ulifanywa mara tatu, mimba haikushika.

Mimi, nikiwa maili elfu kadhaa kutoka zizini, nikapata jibu la haraka: mchungaji anauza maziwa njiani. Mwezi wa Machi 2022 nilizungumza naye kwa simu, na sikumwuliza, nilimshutumu. Kijana yule alijitetea kwa maneno machache: "Mwalimu, ng'ombe wanahema. Tangu saa nne asubuhi hawali, wanasimama tu." Nikayahesabu maneno hayo kuwa kisingizio. Baada ya wiki moja akaondoka na mfuko wake wa nguo.

Tarehe 19 Julai mwaka uleule, Uingereza iliandika joto kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa nchini humu, nyuzi 40.3 za Sentigredi, katika kijiji cha Coningsby, Lincolnshire. Jioni ile nilikuwa nikipita katika njia ya miguu ikatayo malisho karibu na kwetu. Nikawaona ng'ombe wapatao arubaini wamesongamana chini ya mwaloni mmoja, vichwa vimeinama, midomo wazi, ute unawadondoka. Malisho yote yalikuwa wazi mbele yao na hakuna hata mmoja aliyekuwa akila. Mkulima alikuwa akijaza maji katika birika. Nikamwuliza kama wanaumwa. Akaniambia hawaumwi, wamezidiwa na joto, na kwamba hasara ya siku ile ataiona keshokutwa katika tangi la maziwa.

Usiku ule nilimpigia dada simu. Nikamwuliza ng'ombe wetu hupumzika wapi mchana. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, pa kupumzikia uliagiza pakatwe."

Kwa nini ng'ombe huona joto kabla yetu

Sisi wanadamu tuna desturi ya kupima joto la mnyama kwa ngozi zetu wenyewe. Tukisikia vizuri, twadhani naye yu vizuri. Hapo ndipo kosa linapoanzia, maana mwili wa ng'ombe wa maziwa una tanuri ndani yake. Katika tumbo lake kubwa la kwanza, vijidudu visivyoonekana kwa macho huchachua majani mchana na usiku, na kazi hiyo hutoa joto. Kutengeneza maziwa nako hutoa joto. Kwa hiyo kadiri ng'ombe anavyokula zaidi na kukamuliwa zaidi, ndivyo tanuri linavyowaka zaidi. Ng'ombe anayetupa lita nyingi ndiye anayeumia mapema, na yule wa kienyeji atoaye lita moja huweza kusimama juani bila kuonyesha dalili kubwa.

Iko pia tofauti ya asili. Ng'ombe wetu wa nundu amezoea jua tangu kale: ana manyoya mafupi, ngozi iliyolegea na yenye mikunjo, na tezi za jasho zifanyazo kazi vizuri zaidi. Friesian asili yake ni nyanda za baridi za kaskazini ya Uholanzi. Mkoa wa Tanga ulipokea ng'ombe wengi wa damu hiyo, na mradi wa maziwa uliosaidiwa na Serikali ya Uholanzi katika miaka ya 1980 na 1990 uliwaeneza kwa wafugaji wadogo; kisha mwaka 1997 kikaanzishwa kiwanda cha Tanga Fresh ambacho hununua maziwa yao. Neema hiyo ni kubwa, na familia nyingi zimesomesha watoto kwayo. Lakini ng'ombe wa ubaridini anapoletwa pwani huletwa pamoja na mwili wake, na mwili huo hupendelea hewa iliyo baina ya nyuzi 5 na 25 hivi.

Tena ng'ombe hutoa jasho kidogo kuliko binadamu. Anapozidiwa, njia yake kubwa ni kuhema, ili pumzi itoke na unyevu na kuchukua joto. Njia hiyo hufanya kazi vizuri penye hewa kavu, na hufanya kazi vibaya penye hewa iliyokwisha jaa unyevunyevu. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo hawatazami kipimajoto peke yake, bali huunganisha joto na unyevunyevu wa hewa katika kipimo kimoja. Joto la nyuzi 25 na unyevunyevu wa asilimia 50 hutoa takriban 72, na kwa miaka mingi hapo ndipo palipohesabiwa kuwa mwanzo wa taabu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ng'ombe watoao maziwa mengi huanza kupungukiwa hata kwenye 68.

Sasa tazama pwani yetu. Mchana wa kaskazi wenye nyuzi 32 na unyevunyevu wa asilimia 70 hutoa 84. Jangwa lenye nyuzi 40 na unyevunyevu wa asilimia 20 nalo hutoa karibu 84 hiyohiyo. Kwa maneno mengine, ng'ombe aliyefungwa juani Muheza, Malindi au Unguja mwezi wa Februari anabeba mzigo ulio sawa na wa ng'ombe aliye jangwani, ingawa sisi tutapita karibu naye na kusema kuwa upepo wa bahari ni mzuri leo. Mwenye nyumbani kwake ni Lushoto, Limuru au miteremko ya Kilimanjaro ana unafuu wa mwinuko, lakini jua la saa sita halimwachi naye kabisa.

Maziwa hupotelea wapi

Jambo la kwanza afanyalo ng'ombe mwenye joto ni kuacha kula, ili apunguze kuni katika tanuri. Watu wengi hudhani kwamba hapo ndipo maziwa yote yanapopotelea, na hivyo humwongezea pumba. Lakini utafiti umeonyesha kwamba kupungua kwa chakula hueleza nusu hivi tu ya hasara. Nusu nyingine hutokana na mwili wenyewe kubadili mwendo wake: damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili ipoe, na nguvu ambazo zingetumika kutengeneza maziwa hutumika kuuokoa mwili. Hasara hiyo kwa kawaida huonekana baada ya siku moja au mbili, kama alivyosema yule mkulima, na ndiyo sababu mwenye ng'ombe hulaumu kila kitu isipokuwa jua la juzi.

Jambo la pili, hacheui ipasavyo, na ute humdondoka ovyo. Mate ya ng'ombe yana aina ya magadi ambayo huzuia uchachu usizidi tumboni. Yakimwagika chini, tumbo huchachuka kupita kiasi, na mafuta katika maziwa hupungua.

Jambo la tatu, halali. Ng'ombe aliye salama hulala saa nyingi za siku, akicheua kwa utulivu, na damu huenda vizuri kwenye kiwele. Mwenye joto husimama ili upepo umguse pande zote. Huko New Zealand watafiti waliwanyima ng'ombe nafasi ya kulala kwa saa 12, kisha wakawapa uchaguzi baina ya kulala juani na kusimama kivulini. Katika siku za joto, pamoja na uchovu wao wote, walichagua kusimama kivulini. Sidhani kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo, kwani aliyeulizwa ni ng'ombe mwenyewe.

Jambo la nne ni uzazi. Katika joto, dalili za kutaka dume huwa hafifu na fupi, mara nyingi hutokea usiku watu wamelala, na mimba changa ya siku chache hufa kwa urahisi. Fedha za uhimilishaji huenda bure, na mwaka mzima wa maziwa hucheleweshwa.

Kivuli hurudisha nini

Kivuli hakipunguzi sana joto la hewa. Kinachofanya ni kuzuia mionzi ya jua isimpige mnyama moja kwa moja, na mionzi hiyo ni sehemu kubwa ya mzigo wake, hasa akiwa mweusi. Kivuli cha kawaida tu huweza kuupunguza mzigo wa mionzi kwa asilimia 30 au zaidi.

Matokeo yake yamepimwa. Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, jimbo lenye joto na unyevunyevu kama pwani yetu, miaka ya 1970 walilinganishwa ng'ombe wa maziwa wenye kivuli na wasio nacho. Wasio na kivuli walipumua mara 82 kwa dakika, wenye kivuli mara 54. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 39.4 kwa wale wa juani na 38.9 kwa wale wa kivulini. Maziwa ya wenye kivuli yalizidi kwa asilimia 10 hivi. Na kwa uzazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: mimba zilishika kwa asilimia 44 kivulini na asilimia 25 juani. Majaribio mengine ya hukohuko, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalionyesha kwamba hata ng'ombe asiyekamuliwa, aliye katika miezi ya mwisho ya mimba, huhitaji kivuli: ndama wa waliotunzwa kivulini walizaliwa wakiwa wazito kwa takriban kilo tatu.

Sharti moja ni kwamba kivuli kitoshe. Watafiti wa New Zealand walilinganisha kivuli cha mita za mraba 2.4 kwa kila ng'ombe na kile cha mita za mraba 9.6. Waliopewa kikubwa walikitumia zaidi, walihema kidogo, na waligombana mara chache. Kivuli kidogo huwa cha wenye pembe na nguvu; mnyonge hubaki nje.

Hapa ndipo niliporudi kwenye somo la hesabu, nikaona aibu. Mti uliokomaa wenye matawi yaliyotanda mita 10 kwa upana hufunika mita za mraba 78 hivi, yaani kivuli kikubwa cha kuwatosha ng'ombe wanane. Miti yetu tisa ilifunika kama mita za mraba 700. Ekari tatu ni mita za mraba 12,000 na ushee. Kwa hiyo nilikuwa nimekata vivuli vya ng'ombe sabini ili nipate asilimia sita ya ardhi, nami nilikuwa na ng'ombe wawili.

Mti, bati au makuti

Mtu atauliza: si unaweza kujenga paa? Unaweza, na mahali pasipo na mti ni lazima ujenge. Lakini bati tupu lililo chini hupata moto na kuutema moto huo juu ya mgongo wa mnyama. Jani la mti halifanyi hivyo. Hutoa unyevu wake hewani na kubaki baridi, na chini ya matawi yaliyopunguzwa upepo hupita. Makuti nayo ni mazuri kuliko bati, na fundi wake yupo kijijini. Paa la namna yoyote liwe juu, mita tatu hadi nne, ili hewa itembee.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili bila ya kipimo. Ng'ombe walifungwa chini ya minazi, ambayo huchuja jua bila ya kuliziba, na ukoka ukaendelea kuota chini yake. Wakati wa minazi kujaa nazi waliwahamisha, kwa sababu ambayo haihitaji kuelezwa. Palipo na kivuli kizito zaidi, majani ya gini huvumilia kuliko nyasi nyingi nyingine, kwa hiyo si kweli kwamba chini ya mti hapawi na malisho.

Mti gani, na upandwe wapi

Swali la kwanza ni kama mti huo una majani wakati wa joto. Msufi ni mrefu na wa fahari, lakini hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mbuyu hali kadhalika. Utampa ng'ombe kivuli asipokihitaji. Mwembe, mkorosho, mkwaju na mfenesi hushika majani vizuri. Mkungu hukua upesi pwani na matawi yake hutanda kama miavuli iliyopandana. Mwarobaini hukua haraka na huvumilia ukame. Mlusina hautoi kivuli kizito, lakini majani yake ni lishe yenye protini nyingi, mradi usizidi theluthi moja ya chakula chote, kwani una sumu yake kidogo.

Mmoja naomba uepukwe katika zizi na malisho: mparachichi. Majani yake, hasa ya aina fulani, huweza kuvimbisha kiwele, kukausha maziwa na kudhuru moyo wa mnyama. Na penye miembe, maembe yaliyoanguka yaokotwe, maana ng'ombe mwenye pupa huweza kukabwa na embe zima.

Swali la pili ni mahali. Hapa Uingereza jua hupita upande wa kusini, na kivuli cha adhuhuri huangukia kaskazini mwa mti. Nyumbani mambo ni tofauti. Tanga iko nyuzi tano kusini ya ikweta. Mapema Machi na mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini hasa. Katika siku hizo kivuli huanguka chini ya mti wenyewe, kwa hiyo upana wa matawi una maana kuliko urefu wa shina. Safu ya miti ipandwe kutoka kaskazini kwenda kusini. Asubuhi kivuli chake kitakuwa upande wa magharibi, na alasiri upande wa mashariki. Ng'ombe watakifuata, na mahali walipolala asubuhi patapigwa na jua na kukauka.

Kukauka huko si jambo dogo. Kivuli kilicho mahali pamoja, mwaka mzima, chini ya mti mmoja, huzaa matope, mbolea nyingi, inzi na ugonjwa wa kiwele. Miti kadhaa iliyotawanyika ni bora kuliko mti mmoja mkubwa katikati. Na miche yote izungushiwe uzio wa miiba au fito kwa miaka michache ya mwanzo, kwani ng'ombe hajui kwamba anachotafuna leo ndicho kivuli chake cha kesho.

La kufanya kabla mti haujakua

Mti hauharakishwi kwa kutuma fedha. Lakini yako mambo ambayo familia yako inaweza kuyafanya wiki hii.

Kwanza, wahesabu pumzi. Mtoto yeyote wa shule mwenye saa anaweza kusimama kando ya ng'ombe saa nane mchana na kuhesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa dakika moja. Ikizidi 60, ng'ombe ana joto. Ikizidi 80, hali ni mbaya, atafutiwe kivuli na maji mara moja.

Pili, maji. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na ng'ombe wa maziwa katika joto huweza kunywa hadi lita 100 kwa siku. Ndoo mbili za asubuhi hazitoshi. Maji yawepo muda wote, na yawekwe kivulini.

Tatu, chakula kingi kitolewe alfajiri na usiku, ili tanuri liwake wakati hewa imepoa. Hapo ndipo ile methali ya mchumia juani hulia kivulini inapomfaa ng'ombe pia: ale mapema, kisha acheue kivulini.

Nne, uezekwe upenu wa makuti wa mita za mraba tisa au kumi kwa kila ng'ombe, uwe wazi pande zote.

Tano, na hili ni kwa ajili yetu tulio mbali: kabla hujaagiza mti ukatwe, mwulize anayeishi chini yake.

Yaliyofuata

Tuliezeka upenu wa makuti mwezi wa Oktoba 2022. Januari iliyofuata mpwa wangu alimhesabu ng'ombe mmoja saa nane mchana akiwa juani, akapata pumzi 84. Akamwingiza upenuni, akamhesabu tena baada ya saa moja, akapata 56. Mimba zilikuwa zimekwisha shika wakati wa kipupwe. Wakati wa masika ya 2023 tulipanda miche kumi na miwili, miembe, mikungu na miarobaini, katika safu mbili za kaskazini kwenda kusini, na mingi imekwisha pita kimo cha mtu. Ng'ombe wawili si utafiti, na mwalimu wa zamani hapaswi kudai zaidi ya alivyopima. Lakini dada anasema sasa saa sita mchana ng'ombe wamelala na wanacheua, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu walipoletwa.

Yule kijana nilimtafuta. Alikuwa amepata kazi Korogwe. Nilimwomba radhi kwa simu ileile niliyomshutumu nayo, naye akanisamehe kwa maneno mazuri kuliko niliyostahili, lakini hakurudi. Alikuwa ameniambia ukweli wote kwa maneno matatu, "Mwalimu, ng'ombe wanahema," nami nikiwa na shahada yangu sikuusikia, kwa kuwa ulitoka kwa mtu niliyekuwa nimekwisha mdhania mwizi.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Naongeza kwamba shoka la mbali hukata mti vizuri sana. Unapomtumia mzee wako fedha za ng'ombe, tia katika hesabu bei ya miche kumi, makuti ya upenu mmoja, na simu moja ya kumsikiliza mchungaji. Ni fedha chache kuliko gunia moja la pumba kila mwezi, na zitaendelea kukamuliwa miaka mingi baada yetu.